Mkutano wa Wafugaji Waitiwa Ufuoni: Isiolo Yakosa Nini?

Kila ikikaribia miezi ya kufunga bajeti, hoteli zetu za Nyali, Bamburi, Shanzu na Diani hujaa wageni wenye vitambulisho shingoni. Si watalii hao. Ni madiwani, wahasibu, makarani na maafisa wa miradi kutoka kaunti za bara na za kaskazini, wamekuja warsha. Wahudumu wetu hupata siku za ziada za kazi, wenye tuktuk hupata abiria, mama wa viazi karai huuza hadi sufuria ikakauka. Alhamdulillahi, riziki ni riziki. Na mimi niliyewahi kubeba sinia za chai katika idara ya karamu ya hoteli moja ya ufuoni, nikiwa nimetoka chuo na diploma yangu ya hoteli mkononi, sitajifanya siijui ladha ya riziki hiyo.

Lakini iko mikutano ambayo, tukisema haki, haikupasa kuja kwetu. Nilipokuwa kazini niliwahi kuhudumia mmoja wa siku nne kuhusu malisho na maji ya wafugaji wa kaskazini. Watu kama 80 walikaa ndani ya kiyoyozi wakijadili visima. Mfugaji sikumuona. Ngamia nilimuona, kwenye slaidi.

Swali lililonikaa tangu siku zile ni hili: mkutano kama huo kwa nini usifanywe Isiolo? Jibu la haraka ambalo kila mtu hulitoa ni kwamba Isiolo hakuna kumbi. Mwaka jana nilialikwa huko kwa kikao kidogo cha siku tatu, nikatumia jioni zangu kuzunguka na kuuliza wenye hoteli na gesti. Nilirudi Mombasa na jibu jingine, nalo nataka kulieleza leo, kwa sababu latuhusu sisi wa Pwani zaidi ya tunavyodhani.

Kwanza tuujue mji wenyewe. Isiolo iko kama kilomita 270 kaskazini mwa Nairobi, pale miteremko ya Mlima Kenya inapokwisha na nchi kavu kuanza. Wakoloni waliufanya kituo cha karantini ya mifugo. Wasomali waliopigana upande wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia walipewa makazi hapo. Waborana, Wasakuye, Wagare, Waturkana, Wasamburu na Wameru kila mmoja ana njia yake iliyomfikisha. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima. Kwa sheria ya miji ya 2011, kama ilivyorekebishwa 2019, manispaa ni mji wa kuanzia watu 50,000 na jiji ni kuanzia 250,000. Isiolo ni manispaa. Si kijiji cha kuhurumiwa, wala si jiji la kujilinganisha na Nairobi.

Na kwa kukutana, Mungu ameuweka mahali pazuri. Barabara ya lami ya kwenda Moyale, yenye kilomita kama 500, ilibadilisha kila kitu. Mtu wa Marsabit akitoka baada ya alfajiri atafika Isiolo kabla ya adhuhuri. Meru iko kilomita 50 tu. Nanyuki haifiki 100. Wajir na Garissa hupitia Modogashi. Ukichora mstari kutoka kila mji wa kaskazini, mistari mingi itakutana hapo.

Walioandika mipango mikubwa ya nchi waliliona hilo. Machi 2012, Rais Kibaki, Meles Zenawi na Salva Kiir waliposimama Lamu kuuzindua mradi wa LAPSSET, Isiolo nayo iliahidiwa makuu: reli, uwanja wa ndege wa kimataifa, na mji wa mapumziko huko Kipsing wenye hoteli za fahari na kumbi za mikutano. Uwanja wa ndege ulifunguliwa Julai 2017, ukiwa umekalia mpaka wa Isiolo na Meru, jambo lililozua mivutano yake. Njia yake ya kurukia ni ya kilomita 1.4, kwa hivyo ndege kubwa haziwezi, na safari za abiria za ratiba zimekuwa za kuanza na kukatika. Mji wa Kipsing bado uko kwenye karatasi. Maji yake yalitegemewa bwawa la Crocodile Jaw katika mto Ewaso Nyiro, na wafugaji wanaoishi chini ya mto walilipinga, hata wakaandamana na ngamia wao kufuata mto ili wasikike. Tusicheke. Sisi wenyewe gati ya kwanza ya Lamu ilifunguliwa Mei 2021, na kijana wa Lamu angali akiuliza ajira ziko wapi.

Basi tuuache mji wa karatasini, tuzungumze mji uliopo.

Kuandaa mkutano ni kama kuandaa harusi isiyo na biharusi. Watu wetu waijua kazi hii kuliko wanavyojijua. Mama zetu wanaopika biriani ya watu 600 uani, wanaojua kwamba kadi 400 huleta watu 550, wanaokodi viti kwa huyu na masufuria kwa yule, hao ni wapangaji wa makongamano. Tofauti ni moja: kwenye harusi mgeni hurudi kwake usiku. Kwenye mkutano halali kwake.

Ndiyo maana nilifundishwa kazini kwamba ukumbi hauleti mkutano, vitanda ndivyo vinavyoleta. Chukua mkutano wa watu 120 wa siku tatu. Wageni wa mbali hufika siku moja kabla. Hapo unahitaji vyumba 120 kwa usiku tatu au nne. Isiolo hakuna hoteli moja itakayokupa hivyo. Iko Bomen ya mjini ya tangu zamani, iko Rangeland nje kidogo ya mji, ziko nyumba za wageni za makanisa, ziko gesti chungu nzima, na ukienda kama saa moja unazo loji za hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba. Ukizijumlisha, vitanda vipo. Lakini nani amezijumlisha? Kila mwenye hoteli huhesabu vyumba vyake na kumwona jirani kama adui. Mpangaji akipiga simu kutoka Nairobi anaambiwa vipo vyumba 35, anashukuru, anakata, anapigia Mombasa.

Na kumbi nazo zina hesabu yake ambayo wengi hudanganyika nayo. Mwenye ukumbi akikuambia kwangu waingia watu 300, muulize wamekaaje. Ukipanga viti vitupu safu kwa safu kama sinema, kila mtu hula chini ya mita moja ya mraba. Ukiwawekea meza za kuandikia, nafasi hukaribia kuzidi mara mbili. Ukitaka meza za duara, ili watu wazungumze na si kusikilizishwa tu, ule ukumbi wa 300 utakuwa wa 150 au pungufu. Halafu ondoa pembe ya wakalimani, meza ya usajili na njia ya kiti cha magurudumu. Kikao chetu cha Isiolo kilikuwa cha watu 60 katika ukumbi ulioandikwa 200, na hakikubaki nafasi ya kucheza mpira.

Mji mdogo ukiwa na daftari moja la vitanda, bei iliyokubaliwa na mabasi mawili ya kuzungusha wageni, unaweza makubwa. Kongamano la Ugatuzi, ambalo huleta maelfu ya watu, lilianza huku kwetu Kwale 2014. Tangu hapo limekwenda Kisumu, Meru, Naivasha, Kakamega, Kirinyaga, Makueni, Eldoret, na Agosti 2025 likawa Homa Bay. Lile la Makueni la 2021 lilifanywa Wote, na aliyefika Wote anajua kwamba mji ule haujaipita Isiolo kwa hoteli. Isiolo mpaka ule wa Homa Bay ilikuwa haijapata zamu. Ila mimi siishauri ianze na hilo. Kukimbilia makuu ndiko kulikotufikisha Kipsing. Mikutano ya watu 40 hadi 150 ni mingi kuliko mvua, nayo ndiyo inayolisha mji mwaka mzima.

Sasa nije kwenye lile jibu. Kama vitanda vipo na kumbi za kiasi zipo, mbona mikutano yaondoka?

Sababu ya kwanza ni posho. Afisa wa kaunti akihudhuria mkutano Isiolo naye yuko kazini Isiolo, jioni anarudi kwake, hana cha kulipwa kwa kulala nje. Mkutano huohuo ukihamishiwa Mombasa, kila usiku una bei yake kwa viwango vya Tume ya Mishahara na Marupurupu, na nauli juu. Siwalaumu watumishi wote. Mishahara mingine ya ngazi za chini hufanya posho iwe ndiyo karo ya watoto. Lakini tusidanganyane kwamba ni kumbi. Kamati inayoketi kuchagua mahali pa mkutano ndiyo hiyohiyo itakayolipwa kulingana na mahali itakapochagua.

Ya pili huisikii ikisemwa hadharani, na niliipata kwa mama mmoja mwenye gesti ya vyumba 18 karibu na stendi. Nilimuuliza kwa nini hapokei wageni wa serikali. Akacheka, akanimiminia chai.

"Kaka, wageni wenyewe nawapenda," akasema. "Karatasi yao ndiyo siipendi."

Karatasi anayoisema ni LPO, ile oda ya kununua kwa mkopo. Anaulaza mgeni leo, analipwa Mungu ajuapo lini. Madeni ambayo kaunti zetu 47 hazijawalipa wauzaji yamepita shilingi bilioni 150 kwa ripoti za Msimamizi wa Bajeti za miaka ya karibuni. Hoteli kubwa ya ufuoni ina benki nyuma yake. Inaweza kungoja mwaka, na hupandisha bei mapema ili kufidia kungoja huko. Mama wa vyumba 18 akingoja miezi minane, shuka zitachanika na mtoto atafukuzwa shule. Kwa hivyo mikutano huwafuata wenye uwezo wa kudaiwa, na mji mdogo husemwa hauna hoteli.

Dawa yake si kujenga ukumbi. Ni malipo ya awali. Mradi wa wafadhili au shirika lolote likiweka nusu ya fedha kabla na nusu siku ya kufunga, gesti zitafunguka zenyewe. Kwa kaunti, sheria ya ununuzi ya 2015 na utaratibu wa kutenga asilimia 30 ya zabuni kwa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vipo tayari. Lakini zabuni bila malipo ni mtego mtamu tu.

Jambo la tatu ni tarehe, na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo wapangaji wa kutoka mbali huharibu zaidi.

Katiba ya 2010 yataka wananchi washirikishwe, na Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka siku za mwisho. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti ifikapo Septemba 1. Waraka wa mikakati ya fedha, Februari 28. Makadirio ya bajeti, Aprili 30. Bajeti yenyewe ipite kabla ya Juni 30. Ukiangalia, vikao vingi vya kusikiza wananchi huangukia kati ya Februari na Mei. Sasa fungua kalenda nyingine mbili. Mvua ndefu huku kaskazini ni Machi hadi Mei: zikinyesha, barabara za udongo za kwenda Merti na Garbatulla huwa tope, na zisiponyesha wafugaji wanakuwa wamehamia mbali na mifugo. Na Ramadhani, ambayo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, 2025 ilianza mwanzoni mwa Machi na 2026 wiki ya tatu ya Februari. Mwaka 2027 yatarajiwa wiki ya pili ya Februari.

Yaani kwa miaka hii, mkutano wa kumuuliza mwananchi wa Isiolo pesa yake iende wapi huangukia wakati amefunga, au njia imekatika, au yuko na ngamia wake siku tatu kutoka mjini. Kisha ripoti husema wananchi wana mwitikio mdogo.

Anayepanga vizuri angevuta vikao vya Februari hadi katikati ya Januari, hali ya hewa ikiwa kavu na watu wakiwa hawajafunga. Hiyo itamfaa 2027. Ikifika 2028 Ramadhani itaanza mwishoni mwa Januari, basi avute tena hadi Novemba na Desemba, akiwa na jicho kwenye mvua fupi. Yataka mtu wa kukaa na kalenda zote tatu mezani, na mtu huyo si wa kununuliwa Ulaya. Imamu yeyote na chifu yeyote wakikaa nusu saa watakupangia.

Kwa wiki yenyewe, Ijumaa ifungwe kabla ya saa sita mchana. Nimeona ratiba zilizochapwa Nairobi zikiweka "majadiliano ya makundi" saa saba Ijumaa. Makundi yalikuwa msikitini. Siku ya mnada wa mifugo nayo usiweke chochote, maana mzee hatauacha mnada kuja kusikiliza habari za mnada. Na maji ya udhu yahakikishwe kabla hata ya projekta. Mji ule maji ni mgao, na ukumbi wenye tangi kavu adhuhuri utakosa nusu ya watu wake hadi saa nane.

Chakula nacho kina siasa yake. Isiolo ni mji wa maziwa ya ngamia. Kina mama wa ushirika wa Anolei wamekuwa wakikusanya maziwa kutoka kwa wafugaji na kuyasafirisha kwa mabasi hadi Eastleigh, Nairobi, ambako chai ya maziwa ya ngamia ni biashara kamili. Lakini katika kikao chetu, mahali pa chai tulikuta maziwa ya pakiti kutoka bara, maji ya chupa kutoka Nairobi, na mikoba ya turubali iliyoshonwa Nairobi vilevile. Piga hesabu ndogo. Watu 100, siku tatu, chai mara mbili kwa siku, ni vikombe 600. Nusu ya kila kikombe ikiwa maziwa, kama moja ya nane ya lita, hizo ni lita 75. Lita 75 za mama wa Isiolo, kwa mkutano mmoja wa kiasi. Ongeza mbuzi, ongeza nyirinyiri (ile nyama kavu ya kukaangwa na kuhifadhiwa katika mafuta, ambayo nilibeba kopo moja hadi Mombasa na halikufika jioni), ongeza mboga za Meru, ongeza mshonaji wa mikoba wa palepale. Hapo ndipo ule msemo wa mgeni njoo mwenyeji apone hupata maana ya shilingi.

Usisahau pia kwamba Isiolo si ya Waislamu peke yao. Mturkana na Mmeru wa kanisani nao wana haki ya kufungua kikao kwa dua yao, na nyama ikichinjwa na Muislamu hula wote bila kelele.

Lugha ni suala ambalo wapangaji hulikumbuka asubuhi ya mkutano. Mzee wa Kiborana, mama wa Kiturkana na kijana wa Kisomali wakikaa meza moja, Kiswahili ndicho daraja lao, na hapo lugha yetu yatuletea fahari kwelikweli. Lakini Kiswahili cha mzee wa Oldonyiro chatosha kununua sukari, hakitoshi kujadili haki ya ardhi. Mkalimani wa Kiborana na wa Kiturkana ni lazima, awe wa palepale, alipwe kama mtaalamu, apewe waraka siku mbili kabla. Gharama yake haifiki ile ya mabango yenye picha ya gavana.

Na maandishi ya kikao, jamani. Watu hudharau muhtasari na orodha ya mahudhurio mpaka siku ya hukumu. Julai 2025, shauri la kumng'oa gavana wa Isiolo lilipofika Seneti, halikufika mbali. Swali lililoliangusha lilikuwa la awali kabisa: je, kile kikao cha bunge la kaunti kilichodaiwa kupitisha hoja kilifanyika kweli? Maseneta hawakuridhika kwamba kilifanyika. Iwe msimamo wako ni upi katika siasa za huko, somo kwa karani yeyote liko wazi.

Jambo la ajabu ni kwamba watu wa kaskazini hawana haja ya kufundishwa kukutana. Waborana wana Gumi Gaayo, mkutano mkuu wao unaofanyika kila baada ya miaka 8 upande wa Ethiopia, maelfu wakikaa siku nyingi kupitia sheria zao na kusuluhisha kesi. Ni sehemu ya mfumo wa Gadaa ambao UNESCO iliutambua 2016. Hapa Isiolo kwenyewe, wazee wa dedha huketi chini ya mti kuamua malisho gani yafungwe hadi kiangazi na kisima kipi kinyweshe nani kwanza. Na mwaka 2001, kule Modogashi, jamii zilizokuwa zikiuana kwa malisho zilikaa zikatoa Azimio la Modogashi: mwenye mifugo akitaka kuhamia kwa wenzake aombe kwanza, na aliyeua, jamaa zake walipe fidia. Hakukuwa na kiyoyozi. Kulikuwa na wahusika. Azimio hilo lilirejelewa na kurekebishwa baadaye, na wapatanishi wangali wanalitaja, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu ule mkutano wa siku nne niliouhudumia ufuoni. Ulitoa mapendekezo mengi. Nilikuta nakala zake chini ya meza nikikusanya vikombe.

Najua baadhi yenu mnaniuliza: wewe mtoto wa Pwani, wataka kututoa mkate mdomoni? Hapana. Mikutano ya mabenki, ya wahasibu, ya madaktari, ya kampuni za bima itaendelea kuja Mombasa, kwa sababu hao wanaitaka bahari na wanalipa kwa fedha yao. Ninayoisema ni ile mikutano ambayo mada yake ni watu fulani na watu hao wameachwa kilomita 750 nyuma.

Na tukumbuke kwamba ugonjwa huu si wa Isiolo peke yake. Tana River na Lamu zina kiti katika Jumuiya ya Kaunti za Pwani, na zina kiti pia katika baraza la kaunti za mpakani, FCDC, pamoja na Isiolo, Garissa, Marsabit, Wajir, Mandera na wenzao. Mpokomo wa Hola na Muorma wa Bura husomewa mipango ya mto Tana katika hoteli za Mombasa sawasawa na Mborana. Mvuvi wa Kiunga hujadiliwa Nyali. Malindi ina vitanda vingi vilivyolala tangu watalii wa Italia walipopungua, na bado madiwani wa kaunti yake ya Kilifi huwaona wakivuka daraja la Nyali kwenda kuketi Mombasa.

Kwa hivyo, mhusika yeyote wa kaunti hizi anayesoma hapa, nina ombi dogo lisilohitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Ajiriwe karani mmoja. Apewe simu, daftari na kalenda tatu. Aandike kila kitanda kilichoko mjini, kila ukumbi na watu wake wakiwa na meza, kila mpishi, kila mkalimani, kila tangi la maji. Mpangaji akipiga simu kutoka Nairobi, ajibiwe na mtu mmoja kwa niaba ya mji mzima. Na idara ya fedha ikubali kutoa nusu ya pesa mwanzo.

Yule mama wa gesti nilimpigia wiki iliyopita kuulizia hali. Aliniambia amepata kundi la watu 30 la shirika moja la maji, wakagawana yeye na jirani yake wa mtaa wa pili, 18 kwake na 12 kule. Nusu ya pesa ilikuwa imeingia kwa M-Pesa kabla hajaanika shuka.